Kofia ya Kuvuliwa

Kila inapokaribia Juni, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe, na watu wa nyanda za juu huambiwa wajiandae kwa baridi. Arusha tangazo hilo hutukuta tumeshajiandaa. Ukisimama Sanawari saa 12 asubuhi huna haja ya kipimajoto, tazama vichwa tu. Mlinzi anayetoka lindoni amevaa kabuti la kijeshi, mzula kichwani, na juu ya mzula amefunga kitambaa kilichopita chini ya kidevu. Dereva wa bodaboda ameuingiza wake ndani ya helmeti na kuligeuza jaketi, zipu ikakaa mgongoni, ili upepo usipate pa kupenya kifuani. Mzee anayeteremka kutoka Ilboru ana pama ya kahawia, blanketi begani, fimbo mkononi. Mwanafunzi peke yake ndiye aliye kichwa wazi, kwa kuwa shule imeruhusu sweta na kofia haimo kwenye orodha ya sare.

Meru yenyewe haionekani. Inaweza kumaliza siku kadhaa ndani ya wingu, na mgeni akaondoka mjini akiamini kwamba mlima tulioandika kwenye vipeperushi ni wa kubuni. (Sitasema kwamba mlima nao umevaa kofia. Mzaha huo umechakaa mno Arusha.) Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mlima una mita 4,566. Upepo wa kusi ukitoka baharini na kugonga mitelemko ya kusini hupanda, hupoa, hutandaza mawingu na manyunyu ambayo hayalowanishi shamba wala hayamwachi mtu mkavu. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi. Mtu wa Norwe akisikia nyuzi 12 atacheka, na acheke. Nyumba yake ina kuta nene na kipasha joto; ya kwetu ina bati juu na saruji chini, na baridi ya nje ndiyo hiyo hiyo ya ndani. Mtu hulala nayo, huamka nayo, huinywea chai, na mchana asipoona jua huenda nayo kazini.

Wengi tumelelewa na maneno kwamba nusu ya joto la mwili hupotelea kichwani. Maneno hayo yana asili yake. Mwongozo wa jeshi la Marekani wa mwaka 1970 ulitaja asilimia 40 hadi 45, na tangu hapo takwimu hiyo imezunguka dunia nzima. Mwaka 2008 madaktari wawili wa Kimarekani, Rachel Vreeman na Aaron Carroll, waliandika katika jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza kwamba dai hilo halina msingi. Kichwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ngozi ya mwili, nacho hupoteza joto kwa kadiri hiyo hiyo. Ukikiacha wazi huku umefunika kwingine kote, bila shaka joto litatokea hapo. Ukivaa kaptura, litatokea miguuni. Nilimweleza mzee mmoja wa Sekei habari hiyo. Alinisikiliza hadi mwisho, akaivuta pama yake mpaka ikagusa masikio, akasema hao madaktari waje walale Sekei mwezi wa saba.

Na mzee hakukosea sana. Ngozi ya uso na kichwa husikia badiliko la joto upesi kuliko ya mgongo au mapaja, kwa hiyo kofia humpa mtu nafuu kubwa kuliko joto lenyewe inalolinda. Mwenye masikio ya moto hujiona mzima hata kama vidole vya miguu vimeshakufa ganzi.

Kurasa za mitindo hufundisha wanaume namna ya kuvaa kofia. Arusha mwanamume anahitaji zaidi kujua namna ya kuivua, maana ataivua mara nyingi kabla jua halijatoka. Mlango wa benki una tangazo: vua helmeti, miwani ya jua na kofia. Picha ya kitambulisho haipigwi na kofia. Mahakamani unaivua, wimbo wa taifa ukiimbwa unaivua, ukweni unaivua ukiwa bado uko nje ya ua. Makanisa ya Kilutheri yametapakaa kwenye vihamba vyote vya Meru, kutoka Nkoaranga hadi Akeri, na humo mwanamume hakai na kofia hata madirisha yakiwa hayana vioo. Kwa hiyo swali la kwanza la kuchagua kofia ya baridi huku kwetu ni hili: ukishaivua, utaiweka wapi?

Mtihani mkubwa zaidi uko kwenye maamkizi. Kwa Wamaasai na Waarusha, mtoto au kijana mdogo hampi mzee mkono. Huinamisha kichwa, mzee akaweka kiganja utosini, akamjibu. Kichwa kinaletwa kwa mzee kama kilivyo, na kiganja nacho ni kitupu. Sasa mwezi wa Julai umemvisha mtoto mzula mnene wa sufu, na utosini kuna kishada cha nyuzi kikubwa kuliko ngumi. Niliona jambo hili Ngaramtoni, Alhamisi ya gulio, pembeni ya wauza viazi. Mvulana wa miaka minane au tisa alimwinamia mzee. Mkono wa mzee ukashuka, ukafika karibu na kile kishada, ukasimama hewani. Hakusema neno. Mvulana alisubiri, akaona kimya kimezidi, akainua macho, akauona mkono. Aliunyakua mzula kwa mikono miwili na kuinama tena, safari hii chini zaidi. Mzee akaweka kiganja, akakiacha pale kwa muda mrefu kuliko desturi, kisha akasema kwa Kiswahili, “Haya, vaa, baridi.” Yeye mwenyewe pama yake ilikuwa kichwani muda wote. Hakuna aliyeshangaa.

Nadhani hapo ndipo ilipo tofauti halisi ya kofia za wanaume wa Arusha, kuliko kwenye bei au kitambaa. Kuna kofia ya mtu ambaye atainama, na kuna kofia ya mtu atakayeinamiwa. Morani wa zamani hakuhitaji yoyote; alikuwa na nywele ndefu zilizosokotwa na kupakwa mafuta na udongo mwekundu. Katika sherehe ya eunoto mama yake humnyoa, na kijana huingia kwenye njia ya uzee akiwa na kipara kinachong'aa. Sitaki kudai kwamba uzee na baridi ya kichwa viliingia siku moja, lakini atakayebisha na ajaribu kunyoa upara mwezi wa saba huko Oldonyosambu.

Pama ya kitambaa kigumu ni kofia ya mzee kwa sababu za wazi. Ukingo wake hurusha manyunyu mbali na shingo, umbo lake humfanya mtu aonekane kutoka mbali, nayo haina haraka. Kasoro yake ni masikio, ambayo huyaacha nje, na ndiyo maana mzee mwenye pama huwa pia na skafu au ncha ya blanketi iliyopandishwa hadi taya. Kasoro ya pili ni kwamba haikunjiki. Kwenye Hiace ya Usa River dari liko chini, kwa hiyo pama husafiri juu ya goti. Kanisani huwekwa chini ya benchi, na mtoto wa nyuma ataikanyaga. Upepo wa mchana ukiinuka hutakiwa kuishika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili una fimbo. Ni kofia ya mtu anayepishwa njia, na ambaye hakosi mjukuu wa kumshikia.

Zipo kofia ambazo humkaa mtu hadi zikawa sehemu ya sura yake. Raila Odinga, mwanasiasa wa Kenya, alipofariki India tarehe 15 Oktoba 2025 na mwili wake kurudishwa Nairobi, binti yake alishuka kwenye ndege akiwa na kofia ya baba yake mikononi, akaenda kumkabidhi mama. Mamilioni walioangalia hawakuhitaji maelezo. Kofia ya namna hiyo hainunuliwi ikiwa tayari. Huvaliwa miaka mingi hadi ipate mwenyewe.

Sisi wengine tuna mzula. Umeshinda Arusha kwa sababu moja ya kawaida sana: unaingia mfukoni. Unauvua mlangoni mwa benki, unauvaa tena ukitoka, unauvua kwa mzee, unauvaa, na hakuna anayeona kazi hiyo yote. Soko lake kubwa ni mitumba. Kilombero wafanyabiashara hufungua belo, na kofia humwagwa juu ya turubai kwa rundo. “Chagua kaka, chagua! Baridi haina mdhamini!” Rundo lenyewe ni ramani ya nchi zenye theluji: timu za mpira wa magongo wa barafuni, vituo vya kutelezea milimani, kampuni za bima. Nimemwona chalii wa Ngarenaro akitangaza benki ya Uswidi mwaka mzima, na sidhani kama ana akaunti hata ya hapa.

Kwenye rundo hilo kuna kazi ya kuchambua, na muuzaji hatakusaidia, kwa kuwa kwake kila kitu ni gredi wani. Kibandiko cha ndani mara nyingi kimekatwa. Inyanyue kofia uitazame kwenye mwanga: ukiona mchana upande wa pili, upepo wa Kisongo nao utaona. Ilete karibu na mdomo (karibu tu, ni mtumba) uipulize, na kiganja kiwe nyuma yake. Pumzi ikifika kiganjani bila taabu, rudisha. Ivute pindo, iachie. Isiporudi, ilishachoka kabla haijapanda meli. Sufu halisi ni bora kwa manyunyu yetu, kwa kuwa nyuzi zake hunywa unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi majimaji. Akriliki haina uwezo huo, ila hukauka haraka na haiwashi paji la uso. Pamba ni nzuri kwa macho, lakini ikishalowa asubuhi itakupoza hadi jioni.

Tatizo la sufu ya mtumba ni kufua. Watu wanaogopa mapunye, na wana haki ya kuogopa, basi kofia hutumbukizwa kwenye maji ya moto na kusuguliwa kwa nguvu. Sufu haivumilii hayo. Nyuzi zake hushikana na kujikaza, na kofia iliyonunuliwa kwa ajili ya baba humtosha mwanawe wa chekechea. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kutosha, kukamua kwa kubonyeza bila kusokota, kisha jua la kutwa, likipatikana. Kwa mwenye kinyaa dawa ni kwenda kwa fundi mwenye mashine ya kufuma sweta za shule na kumwagiza mzula mpya, kwa kipimo cha kichwa chake na rangi anayotaka. Nami naona ajabu kwamba wanaume wanaobishana saa nzima kwa fundi cherehani kuhusu upana wa suruali hawajawahi kumwambia mtu yeyote mzunguko wa kichwa chao.

Kuhusu namna ya kuvaa nina misimamo michache. Pindo likunjwe mara moja, likae katikati ya paji la uso, masikio yafunikwe hadi nusu yake ya juu. Ukiuvuta hadi nyusi, mgambo atakutazama mara mbili na mama muuza mboga atasogeza mkoba. Ukiuacha kisogoni, masikio yote nje, umevaa pambo, na usilalamike mafua. Mwenye uso mrefu aukunje kwa upana zaidi ili urefu wa kichwa upungue; mwenye uso wa mviringo auache utosini uwe na nafasi kidogo. Rangi ya kijivu na nyeusi huingia kila mahali. Damu ya mzee ni rangi nzuri mno kwenye wingu la Julai, isipokuwa kwa aliyejifunga shuka nyekundu. Nyekundu mbili zisizofanana huonekana kama ajali. Kishada cha utosini kikatwe. Juu ya mtoto kinapendeza, juu ya baba mwenye mikutano hakina kazi, na chini ya helmeti ni hatari, kwa kuwa huinua helmeti isikae barabara kichwani. Abiria wa bodaboda anayetaka kinga dhidi ya helmeti iliyovaliwa na nusu ya mji na awe na mzula mwembamba kabisa, usio na mshono mnene.

Machalii wa Chuga watanicheka kwa sheria hizi, na wana hoja. Kwao mzula si wa kipupwe peke yake. Arusha ni mji wa hip hop tangu miaka ya 1990. X Plastaz walitoka hapa na sauti ya Kimaasai ndani ya midundo, na albamu yao ya Maasai Hip Hop ya mwaka 2004 ikafika mbali. Baadaye Joh Makini na kundi la Weusi wakaendelea kuutaja mji huu kwa majivuno. Kijana wa Unga Limited anayevaa mzula Januari, jua likiwaka, hajakosea msimu. Anasema anatoka wapi. Ugomvi wake na wazee si wa baridi hata kidogo: yeye anaiona kofia kama sehemu ya kichwa, wazee wanaiona kama mlango uliofungwa. Nikimtazama kijana wa namna hiyo akikutana na babu yake barabarani, naangalia mkono wake wa kulia tu. Mara nyingi hupanda wenyewe, hata kabla ya shikamoo.

Wapo wanaume wa Arusha wasiosumbuliwa na haya. Baraghashia, iliyopanda kutoka pwani na biashara na dini, haivuliwi ili kumheshimu mtu; kuivaa ndiyo adabu yenyewe, msikitini hata kwenye hitima. Tatizo lake huku ni la kiufundi. Ilishonwa kwa joto la Tanga na Unguja, na vile vitundu vyake vilivyozungushiwa uzi vipo ili kichwa kipumue. Kwenye sala ya alfajiri ya Julai, kichwa cha Arusha hakitaki kupumua. Wengine hubadili wakavaa kofia ya kufuma ya uzi mnene. Wengine huvaa mzula wa kawaida, na kabla ya kuanza sala huusogeza nyuma kwa kidole gumba ili paji la uso liguse mkeka wakati wa kusujudu. Jambo hilo hufanyika kwa sekunde moja, safu nzima, na kwa macho yangu ndiyo namna nadhifu kuliko zote za kuvaa mzula mjini hapa.

Mahali pekee ambapo kofia inabaki kofia tu ni juu mlimani. Safari ya kupanda Meru huanzia lango la Momella, mita 1,500, pamoja na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Usiku wa kwanza ni Miriakamba, mita 2,500 na ushei. Wa pili ni Saddle Hut, mita 3,570. Kutoka hapo watu huamka usiku wa manane ili wawe Kilele cha Ujamaa alfajiri, na njia ya ukingoni mwa kreta haina mti wa kukinga upepo. Waongozaji wazoefu hubeba kofia mbili. Nyembamba ni ya kupandia, kwa kuwa mpandaji hutoka jasho hata penye barafu. Nene hukaa mfukoni kavu hadi atakaposimama, kwa maana kofia iliyoloa jasho ikikutana na upepo ni bora kichwa kitupu. Juu ya yote huja kofia ya jaketi, nayo ndiyo inayozuia upepo. Sufu peke yake haiuzuii.

Wapagazi huwa na kofia za kurithi kwa wageni wanaomaliza safari, na ubora wake hutegemea ukarimu wa mtu aliyekutana nao msimu uliopita. Moshi lipo shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project, ambalo huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo. Inasema kitu kuhusu biashara hii kwamba shirika kama hilo lilihitajika. Kileleni mkubwa na mdogo wamefunika masikio, hakuna mlango wa kuingilia, hakuna anayemsubiri mwenzake avue. Halafu watu wanateremka, na kufikia Momella mpagazi ameshauweka mzula mfukoni ili amuage kiongozi wake.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, nilikwenda kwenye mazishi upande wa Ngarenanyuki. Manyunyu yalianza wakati jeneza linashushwa, na wanaume wote walikuwa vichwa wazi, pama zimebanwa vifuani. Mchungaji alikuwa kijana. Alisoma kidogo, akanyamaza, akatazama vipara vilivyokuwa vinadondosha maji mstari wa mbele, akasema, “Wazee wangu, naomba mvae kofia. Marehemu hatakasirika.” Wazee walitazamana. Mmoja akavaa, kisha wa pili, kisha wote. Nyuma yao tulikuwa wanaume thelathini au arobaini, mizula mifukoni, tukingoja neno la pili la mchungaji. Akafungua kitabu akaendelea na ibada. Tangazo lilikuwa la wazee, na ibada ya Ngarenanyuki haifupishwi kwa ajili ya mvua.